Gari la Mapazia

Mbeya, 5 Machi 1956

Kwa Mama mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Kamwene mama. Mimi mwanao ni mzima, wasiwasi ni juu yako na huo mgongo wako.

Nimepata gari. Ni stesheni wagoni kuukuu, refu, lina mlango nyuma. Muhidini, yule mwenye duka la mchele, amenipa kwa kuwa nilimfufulia lori lake. Kwa sasa linayumba kama mlevi wa sikukuu. Ukikata kona, linalala upande. Usicheke. Nitalitengeneza mpaka lipendeze, na tarehe 12 Mei nitamtoa Tekla kanisani kwa gari langu mwenyewe. Baba yake, Mzee Danieli, alisema mbele za watu kwamba fundi wa grisi atambeba binti yake juu ya magunia ya viazi. Sijasahau.

Mwanao, Liberatus

Igowole, 16 Machi 1956

Mwanangu Liberatus,

Milele amina. Mgongo upo, hauendi popote. Mahindi yamenipita kichwa.

Habari ya gari nimeisikia, ila mimi usinihesabu. Unakumbuka baba yako mdogo aliponipeleka Chimala kununua mchele? Nilirushwa huko nyuma kama debe tupu, nikalala kitandani siku nne. Niliapa sipandi gari tena. Siku ya harusi nitatembea. Wewe mpendezeshe mkeo, Danieli mwachie Mungu. Na mbwembwe zisizidi; gari ni gari.

Mama yako, Paskalina

Mbeya, 29 Machi 1956

Mama,

Kamwene, na Pasaka njema. Mimi mzima, isipokuwa vidole.

Gari limekwisha! Nimepunguza springi likashuka chini, nimefunga shokomzoba mpya. Nimelijaribu kutoka Chimala mpaka Igawa: kona zote linashika barabara, halilali. Springi za nyuma nilizipanga upya mara tatu kwa ajili ya mgongo wako, utake usitake. Rangi ni nyekundu, Muhidini alibakiwa na makopo. Madirisha nimeyawekea mapazia, vumbi lisimguse bibi harusi.

Jumapili tarehe 8 nakuja, jioni. Nitapita polepole, nyumba hadi nyumba, kila mtu alione.

Mwanao, Liberatus

Igowole, 10 Aprili 1956

Liberatus,

Salamu baadaye. Barua yako imefika leo, gari lilifika juzi.

Watu walikuwa wanapika. Likaja gari jekundu, limeinama chini kama paka anayewinda, mapazia yamefungwa, linatambaa nyumba hadi nyumba na kusimama. Habari za mumiani huzijui? Si ndio hao wanaosemwa hupita na magari mekundu, wakikamata watu na kuwanyonya damu? Igowole nzima ilihamia kwenye mahindi. Na mimi nilikimbia, mwanangu, kwa mgongo huu huu. Nikalala katikati ya matuta nikisikia honi yako, nikasali rozari kukuombea wewe uwe salama huko Mbeya.

Tekla ndiye aliyechungulia akakutambua. Baba yake akasema, “Kumbe ndiyo kazi yake huko mjini!” Leo asubuhi nimekuta jembe la posa, lile tulilompelekea Danieli, limeegemezwa mlangoni kwangu. Maana yake unaijua: posa imevunjwa. Tekla analia.

Mama yako

Mbeya, 15 Aprili 1956

Mama,

Kamwene. Mzima, lakini sina raha.

Walivunja taa moja kwa jiwe. Honi niliipiga kuwaita, wakazidi kukimbia. Kwako nilikuta chungu kinachemka na hakuna mtu. Nitalipaka kijivu, kisha nimrudishie Muhidini. Tekla usimwambie kitu. Nampenda mno, lakini nani atamwozesha binti kwa mnyonya damu?

Mwanao

Igowole, 19 Aprili 1956

Mwanangu,

Pole. Sasa nisikilize.

Usilipake rangi. Ukilipaka watasema unaficha. Toa mapazia, osha vioo. Njoo Jumapili tarehe 29, kabla ya misa, usimame mlangoni kwangu. Nitakaa mbele. Tutapita kila nyumba uliyopita. Watanihesabu nikienda, watanihesabu nikirudi. Habari ya kiapo nitamweleza padre.

Mama yako

Igowole, 2 Mei 1956

Mwanangu Liberatus,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini ulifika salama, na hiyo taa umeirekebisha.

Uliondoka ukidhani tumeshindwa, kwa kuwa Danieli hakutoka nje hata tulipozunguka mara tatu. Lo, alikuwa ndani anachungulia! Jana alikuja. Akakaa, akanikagua kama mtu anayenunua ng'ombe. Nimelala vizuri? Vizuri. Kizunguzungu je? Sina. Akaomba kuona mikono, kama ina tundu la sindano, nikamwonyesha yote miwili mpaka mabegani. Niliona haya, lakini ilikuwa kwa ajili yako. Akanywa togwa vikombe viwili, akalitia jembe begani, akaaga. Alipofika mlangoni akauliza kama huko nyuma kuna nafasi ya watu watatu. Nikamwambia amwulize mwenye gari.

Basi njoo tarehe 12. Mapazia yaache huko huko.

Jambo moja sikukwambia siku ile, maana wewe ulikuwa umenuna na mimi nilikuwa napungia watu mkono. Pale kona ya kanisani nilifumba macho nikangoja kurushwa. Sikurushwa. Leo siku ya tatu mgongo hauniumi. Nimejivuna, nakwambia, sikuficha hata kwa padre.

Siku ya harusi sitembei.

Mama yako, Paskalina