Kadi ya Furaha

Pinga, Jumanne usiku

Vijana walijaa kwenye kituo cha kuandikisha wapigakura kabla jua halijachomoza, nami nikajisifu kwamba mawaidha yangu juu ya kupiga kura yamesikika. Jioni mjukuu wangu Furaha alinionyesha kadi yake. Nikamuuliza atampigia nani kura.

"Kura gani, Babu? Hii kadi njo ya kupita ku bariere. Kesho naenda Hombo na pikipiki. Vita iko karibu, na weye unaniongelesha kura!"

Nilitaka kumkemea. Lakini bila kadi, ambayo huku ndiyo kitambulisho chetu, askari wa vizuizini watamshusha njiani. Nami, kwa mgongo huu, siwezi kupanda pikipiki hata nusu ya safari hiyo...

Nimemfungia kadi yake kwa nailoni isilowane. Tutabaki wazee kupiga kura, iwapo masanduku yatafika.