Mistari Ambayo Hukuniomba Nisome

Baba Rispa,

Huku Njoro mvua imechelewa, na tumeletewa mhubiri mpya kutoka Nakuru. Anavaa tai. Anajisomea Biblia mwenyewe, anajiuliza mwenyewe, anajijibu mwenyewe. Sisi tunamsindikiza kwa kukohoa. Mimi siku hizi nakaa kwenye magunia na akina mama wengine, mikono mitupu.

Wewe hukujua hata herufi moja. Ulisimama katikati ya lile ghala la pareto tunamosalia, ukafumba macho, ukasema, "Soma, Mama Rispa!" Nikasoma mstari mmoja. "Hapo hapo!" Ukauchukua mstari ule ukaupeleka zizini, shambani, jikoni, mpaka wanawake wakaanza kutazamana. Nzi walifukuzwa na pareto. Usingizi uliufukuza wewe.

Sasa nisikie, maana hili nimelibeba tangu ukiwa hai. Ile Jumapili uliniomba mfano wa mpanzi. Mimi, kwa makusudi, nikafungua Mathayo kwingine, nikakusomea habari ya mtu aliyefika madhabahuni na sadaka yake, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Miezi sita ilikuwa imepita husemi na Yohana, ndugu yako wa tumbo moja. Mke wake, Naomi, alikuwa amemwambia nyapara habari ya mbuzi wetu wanne tuliowaficha kinyume cha amri ya shamba, wakachukuliwa. Na wewe ukamwita Yohana "sikio la nyapara" mbele ya foleni nzima ya posho.

Ukasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Ukavaa kofia, ukatoka. Watu wakaimba nyimbo zote wanazozijua, nyingine mara mbili. Mkarudi wawili, wewe na Yohana.

Nilijua nimemhadaa mtu aliyeyaamini macho yangu. Mwaka mzima nilitafuta siku nzuri ya kukuambia. Ukafa.

Juzi Yohana alikuja kunipasulia kuni, nikamwambia yote. Alicheka mpaka akaweka shoka chini. "Shemeji, alijua! Alifika kwangu akasema, 'Nimeomba mpanzi, mama huyu akanipa madhabahu.' Mtu aliyekuwa na Mathayo yote kichwani, wewe utamdanganya wapi?"

Halafu akaacha kucheka. Akasema uliongeza neno: "Mimi amenisomea. Yeye na Naomi, nani atawasomea?"

Baba Rispa! Ulikula ugali wangu mwaka mzima na neno hilo mdomoni! Uliniona nikimpita Naomi mtoni kama ninapita kisiki, ukanyamaza. Wewe, uliyeweza kuhubiri saa mbili juu ya punje ya haradali.

Basi nimesikia. Naenda kwake leo, kabla ya kukamua ng'ombe jioni. Sijui nitasema nini. Maneno yalikuwa yako, mimi nilikuwa na macho tu.

Pumzika, mzee wangu. Nakuahidi sitageuka njiani, hata nikimkuta Naomi ameketi mlangoni, ananitazama na ule mdomo wake.

Mama Rispa