Ile Santuri ya Mikono Miwili

Kwako Baba, fundi wa mabehewa, uliyelala Bungoma,

Najua ungecheka. Mwalimu mkuu mzima, kipara kinang'aa, tumbo limetangulia, ameketi ofisini anamwandikia marehemu barua huku madaftari ya gredi ya sita yakimngoja. Lakini nimetumwa. Nina ujumbe mfupi kwako kutoka kwa mtu unayemfahamu sana, na siwezi kuufikisha kabla sijakuambia jambo ambalo nimelikalia zaidi ya nusu ya umri wangu. Kwa hiyo nivumilie. Nitaanzia mbali, kama ilivyo desturi ya waoga.

Unakumbuka ule mnada wa kule Milimani? Ulitoka nyumbani kwenda kununua kiti cha mkono. Ukarudi na kiti, gramafoni na santuri tatu, kwa sababu mwenye mnada alikataa kuvitenganisha. Kiti hakikumaliza mwezi, mguu wake ulikuwa umeoza. Mama alizitazama zile santuri akasema, "Baba Nafula, hizi sahani ni za kuwekea nini?"

Ukamjibu, "Za kuwekea Jumapili."

Na kweli ukaziwekea Jumapili. Tukishatoka kanisani, tukishakula, ulikuwa unazipangusa kwa fulana kuukuu, taratibu, kama mtu anayemnawisha mtoto uso. Kisha Mzee Wekesa, karani wa mizigo pale stesheni, angetokea nyumba ya tatu katika kwota zetu akiwa amebeba kiti chake kichwani, maana alijua vyetu havitoshi. Zote tatu zilikuwa za mpiga jazi mmoja wa Marekani ambaye hakuna mtu mwingine katika kwota zote za reli aliyewahi kumsikia.

Ya kwanza, yenye jalada la kijani, ilikuwa saksafoni tupu. Ulisema inakukumbusha injini ikivuta mabehewa kuelekea Timboroa: inalalamika, lakini inapanda. Ya pili, ya buluu, ilikuwa ya filimbi, si ile ya refa, ile ndefu ya chuma inayoshikwa pembeni mwa mdomo. Humo kulikuwa na wimbo mmoja ambao yule bwana alipuliza kitu kama zumari, na siku ya kwanza Mama alitoka jikoni na mwiko akiuliza kama kuna nyoka. Filimbi ikilia wewe ulitazama viganja vyako tu. Sikuwahi kukuuliza kwa nini. Ni juzi nimeambiwa kwamba ulipokuwa mchungaji wa ng'ombe kule Elgon ulikuwa ukijichongea filimbi za matete.

Ya tatu uliibatiza Mikono Miwili. Alianza na saksafoni, akaenda nayo mbali, kisha akanyamaza. Ngoma zikabaki peke yake zikipapasa chini chini. Hapo uliinua kidole, kila Jumapili, kana kwamba ni mara ya kwanza.

"Anaiweka chini... anapumua... haya, sasa anachukua."

Na filimbi inaingia.

"Nani anaweka chini?" Mzee Wekesa angesema. "Hawa ni watu wawili, bwana. Yule wa filimbi alikuwa ameketi kwenye benchi akingoja zamu yake."

"Wekesa, huyu ni mtu mmoja!"

"Ushahidi?"

"Masikio!"

"Masikio ya fundi wa mabehewa! Yamegongwa nyundo miaka ishirini, leo yanataka kutoa ushahidi!"

"Haya, ngoja niiweke tena, usikilize vizuri."

Jalada lilikuwa limeandikwa Kiingereza kingi nyuma, na karani ndiye aliyekuwa akikusomea. Alisoma akaapa kwamba ni watu wawili. Mara moja uliniletea mimi, msomi wako wa chuo cha ualimu. Ukasema, "Hebu nisomee hapa, mwanangu, Wekesa haaminiki." Nilikuwa napiga pasi suruali. Nikasema, "Baadaye, Baba." Ukalirudisha mahali pake, na hiyo baadaye haikufika. Niseme ukweli, niliuonea haya muziki wako. Baba za wenzangu walisikiliza rumba, mtu akipita nje anatikisa bega. Wangu alisikiliza mtu anayepuliza kama aliyepoteza njia. Nilikuwa nikifunga dirisha, nakudanganya kwamba ni vumbi.

Hiyo ni aibu ndogo. Nakuja kwenye kubwa.

Nilipokuwa chuoni muhula mmoja, kina mama wa ushirika walikuja kwetu kwa maombi ya Alhamisi wakaliona jalada la Mikono Miwili: yule bwana amefumba macho, saksafoni imening'inia shingoni. Wakasema huyu mtu ana pepo. Mama akalitia jalada jikoni likaungua. Nawe, mtu wa amani, hukubishana. Uliichukua santuri yenyewe ukaificha ndani ya jalada la santuri nyingine tuliyokuwa nayo, ya kwaya ya kanisa, ambalo lilikuwa tupu, kwa kuwa Mchungaji alikuwa ameikalia santuri ya kwaya ikavunjika. Hakuna aliyenieleza lolote kati ya hayo.

Desemba ikaja, na wageni wa kumposa dada yangu Nafula. Mama alitaka sebule ing'ae. Wakati huo kila nyumba ya heshima ilikuwa na chombo cha maua kilichotengenezwa kwa santuri kuukuu, na mimi chuoni nilikuwa nimefundishwa namna yake: unaifunika santuri juu ya mkebe, unaipasha moto, kingo zinalegea na kushuka kama ua. Nilijiona mwerevu mno, Baba. Nikasema za jazi za mzee sitagusa, zisije zikazua maneno. Nitachukua hii ya kwaya, ambayo hata hamuisikilizi. Sikuipindua. Sikusoma karatasi yake ya katikati. Niliifunika juu ya mkebe wa mafuta ya kupikia, nikaipasha, nikaikunja, nikaziba kitundu kwa nta ya mshumaa, kisha nikaipaka yote ile rangi ya fedha iliyobaki ulipopaka lango.

Ilitoka nzuri. Hilo ndilo linaloniuma. Wageni waliisifu, na wewe ukaniwekea mkono begani mbele yao ukasema, "Huyu kijana wangu ana mikono."

Jumapili iliyofuata ulivuta jalada la kwaya ukalikuta tupu. Ulinijia karibu, ukashusha sauti ili Mama asisikie.

"Ile iliyokuwa humu iko wapi?"

"Ya kwaya, Baba?"

"Si ya kwaya. Mikono Miwili."

Chombo kilikuwa mezani, hatua tatu kutoka magotini mwako, kimejaa mawaridi ya plastiki. Nilikitazama, nikaelewa yote, na mdomo ukanitangulia. Mzee Wekesa alikuwa amepita kwetu wiki ile kuchukua viti vyake vilivyotumiwa na wageni. Nikasema, "Mzee Wekesa ameazima."

Ulitabasamu. Ukasema, "Aha. Anataka kwenda kuisikiliza peke yake, ajue kwamba ameshindwa. Ataleta."

Ningeweza kusema hapo. Ningeweza kusema kesho yake. Lakini kwetu, na wewe ndiye uliyetufundisha, mtu haendi kumdai rafiki kitu alichomwazima. Ukiuliza, umemwita mwizi. Unangoja. Nikajua kwamba hutauliza, na juu ya heshima yako hiyo nikajenga uongo wangu ukasimama kama nyumba ya mawe.

Ulingoja. Ulianza kutaja filimbi mbele yake, ukimtazama kwa jicho la pembeni. Yeye akawa anakula njugu tu. Kisha Jumapili moja, nami nikiwa nimeketi pale pale, yeye mwenyewe akauliza, "Kwani siku hizi mbona huweki ile ya Mikono Miwili?"

Ukamwambia, "Wewe ndiye ungejua."

Ilikuwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwako. Aliweka njugu chini. Jumapili iliyofuata hakuja. Baadaye akastaafu, akahamia Njoro kufuga ng'ombe wa maziwa, na wewe ukasikia habari hiyo kwa watu wengine. Kutoka kwetu hadi Njoro si safari, Baba. Ni mwendo wa kwenda kununua viazi na kurudi. Hukuenda hata siku moja. Gramafoni Mama aliifunika kitambaa cha kusuka, na juu yake akaweka, nani angeamini, kile chombo cha maua.

Halafu mazishi yako. Mimi ndiye niliyeshika kipaza sauti. Alikuja, ameshika kofia kifuani, akasimama nyuma kabisa na watu wasiojulikana. Alimtuma mtu aniombe dakika mbili aseme neno. Niliogopa neno lenyewe lisije likawa la santuri. Nikatangaza kwa ile sauti yangu ya paredi kwamba muda umetubana na Mchungaji ana safari. Mchungaji hakuwa na safari yoyote. Alikula mara mbili.

Na kila Ijumaa, Baba, nasimama mbele ya watoto mia kadhaa kuwahubiria kwamba ukweli humweka mtu huru. Wananipigia makofi.

Mwezi uliopita nilimtembelea Mama nikaona rangi ya fedha imebanduka katikati, na chini yake herufi mbili za jina la yule bwana zinachungulia. Sijui kwa nini herufi mbili tu zilinishinda, mimi ambaye hata mazishi hayakunishinda. Nilikiazima chombo, nikakifunga kwa gazeti, nikaenda Njoro.

Nilimkuta ameketi nje akichambua maharagwe, mjukuu wake wa kike anayesoma chuo kikuu akimsaidia. Amekonda, lakini mdomo ni ule ule. Alinitazama toka tumbo hadi viatu.

"Wewe ni kijana wa fundi. Umekula mali ya nani ukanona hivi?"

Nilifungua gazeti nikamwambia yote, bila kupamba, kama ninavyokuambia wewe. Alitoa kisu chake kidogo, akakwangua rangi pole pole mpaka jina lote likatokea. Ng'ombe mmoja akalia, hakugeuka.

"Kwa hiyo alidhani mimi ndiye niliyekuwa nayo."

"Ndiyo, Mzee."

"Mimi nilidhani ameificha. Nilidhani ubishi wangu ulimchosha, akaona heri tuikose wote." Akakwangua tena mahali ambapo hapakuwa na rangi. "Siku ya mazishi nilitaka kumwomba radhi. Ndizo zile dakika mbili."

Nilitazama maharagwe.

Mjukuu wake alisoma lile jina, akabofya simu yake mara mbili tatu, akamwambia babu yake, "Kuka, iko hapa. Yote iko." Nikashangaa kwamba kitu nilichokipasha moto miaka yote ile kilikuwa kimekaa hewani kikitungoja. Tuliisikiliza, simu ikiwa ndani ya sufuria ili isikike vizuri. Saksafoni ikapanda Timboroa yake. Ikanyamaza. Ngoma zikapapasa. Na Mzee Wekesa, Baba, akainua kidole chake.

"Anaiweka chini," akasema. "Anapumua. Haya."

Filimbi ikaingia. Mara hii sikuona haya. Tulitazama viganja vyetu, wote wawili, na hapo ndipo aliponiambia habari za matete ya Elgon.

"Ni mtu mmoja," akasema wimbo ulipoisha. "Nilijua tangu siku ya kwanza. Jalada lilieleza wazi, nami ndiye niliyekuwa nikimsomea. Nilimsomea uongo."

"Kwa nini, Mzee?"

"Ningekubali, angeiweka tena kwa sababu gani?"

Nilimwomba anisamehe. Alitikisa kichwa. "Yangu nimekusamehe, wewe ni mtoto. Ya babako mwombe mwenyewe. Na ukimwomba, umwambie Wekesa amekubali. Mtu mmoja."

Huo ndio ujumbe, Baba. Amekubali. Ulikuwa na masikio.

Radhi yangu mimi sijui nitaiombaje. Nimeandika sentensi hiyo na kuifuta mara nne, na mimi ndiye ninayewafundisha watoto kuandika insha. Nilikunyang'anya santuri kwa ujinga, na ujinga husameheka. Rafiki yako nilikunyang'anya kwa kukusudia, Jumapili baada ya Jumapili, nikiwa nimeketi hatua tatu kutoka kwako. Nawe ulisubiri tu. Hukumsema kwa mtu yeyote, hata ulipoumwa. Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi, nitaelewa.

Nilipoinuka kuondoka Mzee Wekesa hakukiachilia kile chombo. Alikuwa amekipakata mapajani, kidole gumba juu ya jina. Akauliza kama anaweza kubaki nacho kidogo. Jana Mama alinipigia simu, akitaka kujua kitu chake cha maua nimekipeleka wapi. Nimemwambia Mzee Wekesa ameazima.

Safari hii ni kweli.

Ni mimi mwanao,
niliyefunga dirisha.