Waya wa Banda la Bwana Khamis

Jumanne, 13 Septemba 1960
Nimemaliza kutia umeme banda la gari la Bwana Khamis, hapa hapa Madungu. Taa moja, swichi moja. Waya nimeupigilia klipu juu ya ukuta, kimo cha bega, toka mlangoni hadi pembe ya nyuma. Ulitakiwa uingie ndani ya bomba la chuma. Bomba ninalo nyumbani, nimeliweka akiba kwa chumba changu. Nikajiambia gari halina mikono.

Alhamisi, 15 Septemba
Mvua tangu asubuhi. Gari limetolewa, karafuu zimeingizwa. Msimu huu kila penye paa ni pa karafuu. Mimi mtu wa Pemba, vipi nilisahau? Nimepita jioni. Bi Mize, mama yake Khamis, yuko jamvini na wenziwe, wanachambua karafuu chini ya taa yangu. Wananiombea dua kwa mwangaza. Mapakacha wameyatundika kwenye waya, kama kamba. Nikataka kusema. Nikaona haya. Wakanipa kahawa, nikanywa, nikaondoka. Kesho kutwa nitapeleka bomba.

Jumamosi, 17 Septemba
Sikwenda. Harusi Wete. Pilau nzuri.

Jumapili, 18 Septemba
Umeme umempiga Bi Mize. Alikuwa anatungua pakacha, mikono mibichi, imelowa maji ya karafuu. Uzito wa mapakacha ulikuwa umeshaichuna ngozi ya waya penye klipu. Shoga yake alizima swichi. Yu hai, alhamdulillahi. Kiganja cha kulia kimeungua, vidole havikunjiki. Nimekata waya. Khamis kanishukuru kwa kufika upesi. Kanishukuru! Nikaitikia.

Jumatatu, 19 Septemba
Nimekwenda kumjulia hali. Anawaambia wageni kosa ni lake, mzee hajui mambo ya umeme. Wote wakakubali. Mimi nimekaa pale, kimya. Mwoga mkubwa mimi.

Jumatano, 21 Septemba
Nimefunga bomba. Waya sasa unapita juu kabisa, darini, na unaposhukia swichi umo ndani ya chuma. Nimepiga misumari ya mapakacha ukuta wa pili. Kazi ya asubuhi moja tu. Ndiyo inayoniuma.

Ijumaa, 23 Septemba
Baada ya Magharibi nimekwenda kwa Bi Mize. Yuko uani na koroboi yake, anachambua kwa mkono wa kushoto, polepole. Bandani hataki tena, wala wenziwe. Nikamwambia yote: bomba, harusi, kahawa. Khamis alikuwa mlangoni, akasikia. Akaingia ndani. Nilitamani Bi Mize anitukane.
"Mie n'shajilaumu mpaka n'mechoka," akasema. "Kaa, mwanangu. Una mikono miwili."
Akanisogezea pakacha. Nimechambua mpaka Isha, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, huku. Vidole vinanuka hadi sasa. Bandani taa ilikuwa inawaka, na ndani hamna mtu.