Tangazo la Mikeka ya Kau

Nairobi, 6 Machi 1999

Mama mpenzi,

Assalaam aleykum. Mimi mzima, kikohozi kimeniacha. Goti lako je? Na huko Kau maji yameshuka, au bado mnazunguka njia ya juu?

Mama, nimepata kazi. Bwana Abdinur ana ofisi ndogo, anauza vitu vya mikono kwa wageni kupitia kompyuta. Mimi naandika matangazo. Mtu yuko Amerika, anaandika kwenye kompyuta yake kwamba anatafuta mkeka, na pale yanatokea maneno yangu, mistari miwili tu. Akiyasoma akapita, hatudaiwi. Akiyabonyeza aone zaidi, tunalipa senti kadhaa, anunue asinunue. Kwa hiyo maneno lazima yamwite mnunuzi na kumwacha mpita njia aende zake.

Nimemwambia bosi kwamba mamangu na wenzake wa Kau wanasuka mikeka isiyo na mfano. Amenipa miezi mitatu. Isipouzika, nitafute kazi kwingine. Tafadhali tuma kumi na miwili kwa basi la Garsen.

Mwanao,
Harith

Kau, 21 Machi 1999

Mwanangu Harith,

Waaleykum salaam. Goti ni lile lile, ila ulimi haujambo. Usiucheke mwandiko, ndio huu tuliopewa uzeeni kwenye darasa la ngumbaru.

Kazi yako imetuchekesha sana. Msukaji mwenzangu Mwanaarusi kauliza, siku ya soko Garsen mtu akiushika mkeka, akaugeuza, akauacha, basi sisi ndio tumlipe? Nimemjibu ndivyo wafanyavyo wenye akili wa Nairobi.

Mikeka inakuja. Ule wa zambarau niliuanza kabla ya El Nino, na nyumba ilipokuwa inaanguka ndio kitu cha kwanza nilichokitoa. Usiuuze bei ya kutupa. Halafu uninakilie hayo maneno yako, niyajue yanayotembea na kazi yangu.

Mamako,
Swaleha

Nairobi, 30 Aprili 1999

Mama mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa wasukaji wote. Mimi sijambo, nimenenepa kidogo.

Tangazo la kwanza niliandika "Mikeka mizuri ya Afrika." Wakabonyeza watu mia mbili na kumi, asinunue hata mmoja. Bwana Abdinur alichukua kikokotoo akakiweka mezani kwangu. La pili nikataja ukili wa miyaa, urefu na bei. Wakabonyeza tisa, akanunua mmoja. La tatu nimelitia wiki jana, na mikeka imekwisha yote. Tuma mingine thelathini. Pesa zenu zinakuja kwa posta ya Garsen.

Maneno nitakuandikia nikipata nafasi. Yako kwa Kiingereza, hayafasiriki vizuri.

Mwanao,
Harith

Kau, 12 Juni 1999

Mwanangu Harith,

Assalaam aleykum. Sisi wazima, na nakuombea nawe uwe hivyo. Pesa zimefika. Nimenunua mabati manane, Mwanaarusi kalipa karo ya mjukuu, na kila mtu hapa anakutaja kwa heri.

Maneno sijayapata. Ninacho Kiingereza kidogo, nawe fasiri kama ujuavyo. Mbona wanizungusha?

Mamako,
Swaleha

Kau, 5 Septemba 1999

Harith,

Assalaam aleykum. U mzima? Safari hii nauliza kwa hofu.

Jumanne alikuja bibi mmoja wa Kizungu aliyenunua mkeka wangu, akitaka kumwona msukaji. Kaja na unga na mablanketi, na mwalimu Margaret wa kijiji cha Wema wa kumfasiria. Mkononi alikuwa na karatasi yenye tangazo lako. Margaret akaanza kulisoma kabla hajajua linasema nini, akalimaliza kwa sauti ndogo. "Mjane wa Tana. Mafuriko yamebomoa nyumba yake. Hana mtoto wa kumtazama. Nunua mkeka wake apate kula."

Wenzangu wote walikuwapo. Mwanaarusi, aliyekubeba mgongoni, alifungua mdomo, nikamfinya. Yule bibi akanishika mkono, akauliza kama ni kweli sina mtoto. Nikasema, "Sina."

Nilisema hivyo usionekane mwongo mbele ya mgeni. Nilizaa watatu, nikazika wawili, na neno hilo sikulitamka hata siku ya kumzika nduguyo Kassim. Nimekuchulia kifo kwa kinywa changu mwenyewe. Jana nilipika wali, nikawaita watoto wa madrasa wale na wakuombee uhai.

Unga na mablanketi nimegawa, sikuchukua hata kimoja. Wanawake wananisalimia wakitazama chini. Naona haya kwenda mtoni.

Mamako,
Swaleha

Nairobi, 19 Septemba 1999

Mama,

Assalaam aleykum. Afya yangu usiiulize, sistahili kuulizwa.

Niliandika mimi, hakuna aliyenilazimisha. Kwanza nilitaja ujane na mafuriko, nikijiambia ni kweli. Wakanunua wanne. Nafasi ya maneno machache ikabaki, nikaijaza. Wiki ile wakaagiza thelathini na mmoja. Bwana Abdinur aliniita kando akaniuliza, "Si ulisema huyu ni mamako?" Nikamjibu, "Haya ni maneno ya biashara tu." Yeye mwenyewe aliinamisha macho. Mimi sikuinamisha.

Aibu niliipata siku ile ile, ndiyo sababu sikukunakilia. Niliipata na bado nikaliacha tangazo miezi mitano, maana mikeka ilikuwa inauzika na watu wananisifu. Leo nimeliondoa. Sijui niandike nini chini ya barua hii.

Harith

Kau, 8 Oktoba 1999

Mwanangu,

Assalaam aleykum. Goti limepoa kidogo.

Barua yako nairudisha ndani ya bahasha hii. Chini yake kuna jina tu. Jina hilo nilikupa mimi, ninalijua. Neno linalotangulia jina sikuliona. Litie kwa mkono wako, uniletee tena.

Hasira ninayo bado, usidhani imekwisha. Lakini Mwanaarusi na wenzake wana mikeka kumi na saba imekaa tu, na hao hawakukukosea. Liandike tangazo upya, useme yaliyo kweli.

Mamako,
Swaleha

Nairobi, 24 Oktoba 1999

Mama mpenzi,

Assalaam aleykum. Nimefurahi kusikia habari ya goti. Mimi nalala vizuri kidogo kuliko mwezi uliopita.

Ile barua imo humu, nimeitia neno lake. Na maneno uliyoyaomba mara mbili ni haya, yako kwenye kompyuta tangu Ijumaa: "Mikeka ya Swaleha na wenzake, Kau, mto Tana. Ukili mwembamba, rangi haichuji. Haya yameandikwa na mwanawe."

Limebonyezwa mara sita, wamenunua wawili. Bwana Abdinur amenipa hadi mwisho wa mwezi ujao. Likishindwa, nitakuja Kau, inshallah, nimwombe radhi Mwanaarusi na wenzenu wote, nikianza na wewe.

Aliyelibonyeza wa kwanza nilikuwa mimi. Nilijua tutalipishwa, lakini nilitaka kuona kama mstari wa mwisho umeingia wote. Umeingia.

Mwanao,
Harith