Mstari wa Juu wa Kikombe

Kwako kifungua mimba wangu,

Huku mvua imeanza, paka amezaa ndani ya kapu la nguo, na jirani yetu fundi cherehani anakusalimu sana. Umeandika kwamba unataka kuacha mtihani wa maabara uje unisaidie kumuuguza baba yako. Mwanangu, tulia kwanza.

Ulipokuja likizo ulinifundisha kupima dawa yake kama mnavyopima maji huko shuleni: kikombe kikae mezani, macho yashuke usawa wake, nisome pale katikati dawa inapobonyea, si pembeni inakopanda. Nafanya vivyo hivyo. Jana nilipiga magoti mbele ya meza, baba yako akacheka mpaka akakohoa.

"Mke wangu, siku hizi unaisujudia dawa?"

"Nyamaza mzee, utanitikisia meza!"

Basi usihofu, kipimo sikosei. Ila nisikufiche: maumivu yamezidi na daktari ameongeza dawa. Sasa naijaza hadi mstari wa juu, na juu ya mstari huo, kikombe hakina mwingine. Baba yako haoni vizuri, kila jioni huniuliza tumefika mstari gani. Namjibu, "Ule ule wa zamani, mume wangu." Hapo hulala na moyo mweupe.

Fanya mtihani wako, mkono usitetemeke. Ukitoka tu humo maabara, usipitie kwa shangazi, usingoje wenzako. Njoo moja kwa moja nyumbani.

Ni mimi mama yako, ninayekuombea.