Mkinduri Niliouchora Mdogo

Baba yangu mpendwa,

Tangu Jumanne situlii. Hapa Al Qusais, Dubai, kwenye nyumba ya walinzi, nazunguka mpaka Juma wa Tanga, tunayelala naye chumba kimoja, ameniuliza, "We kaka, umekalia siafu?"

Ni nyumba ninayojenga huko kwetu, baba. Niliichora kwenye shajara, kila ukuta na vipimo vyake, nikamtumia mdogo wangu Mwangi picha kwa simu. Mti wako, ule mkinduri, sikuusahau. Niliuweka kiduara kidogo nyuma ya jikoni. Jumanne fundi alipopigilia vigingi, Mwangi akanitumia picha: shina limeingia jikoni, matawi yamefunika vyumba viwili. "Bro, ulipima na macho ya Dubai? Msumeno unakuja Jumamosi. Sema."

Kipimo cha mti nilikitoa kwenye shajara ya zamani. Unakumbuka? Nilipomaliza kidato cha nne tulipanda kokwa tatu, ikaota moja. Nikataka parachichi, tuuze. Ukasema, "Parachichi lina mwenyewe. Huu ni wa ndege, na wa mtu aliyechoka." Nikauzungushia miiba, ukanicheka: majani yake machungu, mbuzi hawayataki. Kila Jumapili niliupima. Siku naondoka mti ulinifika begani, nikaandika, nikafunga daftari.

Sasa Mwangi anasema Mama huchambua maharagwe chini yake, hondohondo matawini wakimdondoshea maganda kichwani, naye akiwatukana. Mimi nalinda geti, kivuli changu ni cha nguzo. Jua likisogea nasogea nacho.

Hata wewe nakukumbuka na nywele nyeusi. Mwangi anasema tulikuzika na mvi. Walikuzika, baba. Mimi sikuwapo.

Leo asubuhi nimempigia. "Ng'oa vigingi. Geuza nyumba."

"Itaipa barabara mgongo. Watu watacheka."

"Wacheke."

"Sawa, wa msumeno namrudisha. Lakini uje upime mwenyewe. Michoro yako sitaki tena."

Nimeomba likizo. Sir, bosi wetu, amejibu inshallah, na inshallah yake naijua. Kesho nitamuuliza tena, na kesho kutwa. Ukurasa wa nyumba nimeuchana. Sichori kingine kabla sijasimama chini ya huo mti na kuinua macho.

Pumzika, baba. Mimi bado.

Kifungua mimba wako